HAKI YA NJIA: Baraza, Kibanda cha Gari na Mwambao wa Ujiji katika Mizani ya Fiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, mitaa mingi ya Ujiji ilipimwa kwa miguu ya watu. Aliyekuwa akipita ni mpagazi na mzigo wake kichwani, mvuvi na kasia lake begani, na waombolezaji na jeneza lao. Leo gari limeingia katika mitaa hiyo hiyo. Mwenye nyumba aliyejaaliwa kununua gari haoni mahali pa kuliweka, kwa kuwa kiwanja chake kimejaa nyumba, choo na jiko la uani. Basi husimamisha nguzo nne mbele ya nyumba, akaezeka bati. Mwaka wa pili huziba ubavuni kwa matofali. Mwaka wa tatu hutia geti la chuma. Jirani wa upande wa pili akiona hivyo, naye hufanya yake. Mwishowe mtaa waliopishana wapagazi kwa raha haupitishi gari la wagonjwa, na jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa.

Anapokuja afisa wa manispaa na kusema kuwa jengo halikuacha umbali unaotakiwa kutoka mpakani, jibu linalosikika mara nyingi ni hili: "Hizo ni sheria za wazungu. Kiwanja hiki ni cha babu yangu." Wapo hata wanaodhani kuwa kwa kukataa wanaitetea haki ya kumiliki ambayo Uislamu umeilinda. Makala hii inataka kulipima jibu hilo. Je, ni kweli kwamba amri ya kuacha nafasi kati ya jengo na njia, au kati ya jengo na maji, ni jambo geni lililoletwa na wakoloni?

UJIJI, MJI ULIOZALIWA NA NJIA

Ujiji ulikuwa ni mwisho wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora iliishia hapo kwenye Ziwa Tanganyika, na kutoka hapo watu na mali walivushwa kwa mitumbwi na majahazi kwenda Manyema, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikwishafika na kufanya makazi kabla ya Burton na Speke kuingia mjini hapo Februari 1858. Miaka ya 1880 mwenye sauti kubwa pwani hiyo ya ziwa alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza. Hatuna haja ya kuficha kuwa pamoja na pembe za ndovu, njia hiyo ilibeba pia watumwa. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inayapendekeza UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Nyumba za mji ule zilikuwa na upenu mpana na baraza la udongo mbele. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, wawili hao walikaa kuzungumza katika baraza la namna hiyo, chini ya upenu. Baraza lilikuwa mahali pa kupokea mgeni, kusuluhisha ugomvi, kufanya biashara na kusomesha. Hivyo tunapoijadili hukumu ya kujenga mbele ya nyumba, tunajadili jambo ambalo mji huu umeishi nalo tangu siku zake za mwanzo.

Baadaye mambo yakabadilika. Wajerumani walipoijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, iliishia Kigoma mwaka 1914 na si Ujiji, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo. Mwaka 1916 mji ukaingia mikononi mwa Wabelgiji, kisha ukawa chini ya Waingereza. Kigoma ukapangwa kama mji wa bandari na stesheni, na Ujiji ukabaki mji wa mitaa ya zamani. Leo yote miwili imo ndani ya manispaa moja, na sheria ya ujenzi ni moja. Lakini katika fikra za wengi, mipaka ya ujenzi ni "mambo ya Kigoma", yaani mambo ya serikali, na Ujiji una desturi zake.

MTUME (S.A.W) NA UPANA WA NJIA

Miaka zaidi ya elfu moja kabla ya mkoloni yeyote kufika Ziwa Tanganyika, Mtume wetu (S.A.W) alikwishatoa hukumu juu ya upana wa njia. Amepokea Abu Hurayra (R.A), na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba watu wakikhitilafiana juu ya njia, upana wake ufanywe dhiraa saba. Dhiraa ni urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, karibu nusu mita. Dhiraa saba basi ni kama mita tatu na kidogo. Maulamaa wameeleza hekima yake: kwa kipimo hicho mizigo huweza kuingia na kutoka bila ya watu kudhuriana.

Hapa kuna nukta ambayo wengi huipita. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), katika kuisherehesha Sahihi Muslim, amebainisha kuwa dhiraa saba ni kwa njia inayoanzishwa na watu wakashindwa kuafikiana. Ama njia iliyokwisha kuwapo na kupitwa na watu, ikiwa ni pana kuliko dhiraa saba, haijuzu kwa yeyote kuchukua chochote katika upana wake, hata kiwe kidogo. Kwa hiyo mtu asiseme, "Nimeacha dhiraa saba, kilichozidi ni changu." Kilichozidi ni haki ya wapitao.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtaa una upana wa mita sita. Mwenye nyumba wa upande huu akichukua mita moja na nusu kwa kibanda chake cha gari, na wa upande ule akachukua kiasi hicho hicho, imebaki mita tatu. Hiyo ni chini ya dhiraa saba, na inatokea katika zama ambazo kipitacho ni lori la mchanga na gari la zimamoto.

Hadithi nyingine zinalitia nguvu jambo hili. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Muadh bin Anas al-Juhani (R.A) kwamba katika safari moja ya vita watu walibanana kwa mahema yao mpaka wakaikata njia. Mtume (S.A.W) akatuma mtu wa kunadi kuwa mwenye kubana makazi ya wenzake au kuikata njia hana jihadi. Zingatia kuwa hema hung'olewa kesho yake, na waliokatazwa walikuwa wapiganaji katika njia ya Allah. Basi itakuwaje kwa nguzo ya zege?

Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Said bin Zayd (R.A), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, kuwa atakayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Aliieleza hadithi hii alipotuhumiwa na mwanamke aitwaye Arwa mbele ya Marwan kuwa amechukua ardhi yake. Alishangaa vipi achukue cha mtu baada ya kuyasikia hayo, kisha akaiacha ardhi ile iende zake. Huyo alikuwa sahaba mkubwa aliyeogopa shubiri ya mtu mmoja. Ardhi ya njia ni ya watu wote, na mwenye kuichukua ana wadai wengi.

MINHAJI YASEMAJE?

Kitabu cha Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi ni miongoni mwa nguzo za fiqhi ya Shafi katika Afrika Mashariki. Katika mlango wa sulhu kuna maelezo ambayo yanamfaa mwenye kibanda cha gari kana kwamba yaliandikwa kwa ajili yake. Tunayafupisha kwa maana yake:

Kwanza, katika njia inayotoka na kupitwa na watu wote, mtu anaweza kutokeza upenu au roshani juu yake, kwa sharti isiwadhuru wapitao. Ni lazima iwe juu kiasi cha mtu kupita wima, na wenye sherehe wameongeza: akiwa na mzigo kichwani. Ikiwa njia hiyo hupitwa na misafara, basi iinuliwe kiasi cha kupita ngamia mwenye kibanda cha kupandia mgongoni. Kipimo, kama unavyoona, hufuata chombo kikubwa kinachopita. Leo chombo hicho ni lori.

Pili, ni haramu kujenga dakka, yaani kiti cha udongo au jiwe kama mabaraza yetu, ndani ya njia, au kupanda mti. Ipo kauli nyingine, iliyo dhaifu katika madhehebu, kuwa yajuzu ikiwa haidhuru. Sababu zilizotajwa na wenye sherehe ni tatu: kitu hicho hushika mahali pa kupitia, wapitao wakizidi hugongana nacho, na muda ukirefuka mahali hapo hufanana na milki ya mtu, mpaka alama ya kuwa palikuwa njia ikafutika. Sababu ya tatu ndiyo hasa iliyotufika. Babu alijenga baraza, baba akaliwekea nguzo, mjukuu ameligeuza kibanda cha gari na anaapa kuwa ni kiwanja chao.

Tatu, ni haramu kupokea mali kwa ajili ya kumruhusu mtu atokeze jengo juu ya njia. Kwa hiyo fedha anayopewa kiongozi wa mtaa ili afumbe macho haihalalishi kitu, na juu ya hayo ni rushwa.

Nne, uchochoro usiotoka ni wa wenye milango ndani yake. Hapo hatokezi mtu upenu wala nguzo ila kwa ridhaa ya wenzake.

Tukiyakusanya haya, hukumu ya kibanda cha gari inapambanuka. Kikiwa ndani ya kiwanja cha mtu, hakina neno kwa upande wa njia. Paa likitokeza juu ya njia, hutazamwa urefu na madhara. Nguzo ikisimama ndani ya njia, hiyo ni kama dakka, na kauli yenye nguvu ni kuwa haramu. Na baraza la Ujiji lililo chini ya upenu ndani ya mpaka wa mwenye nyumba halimo katika katazo hili. Hatuwaambii watu wabomoe mabaraza yao. Tunawaambia wajue mpaka wao uko wapi.

Je, jengo likiwa la kheri? Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058), naye ni wa madhehebu ya Shafi, ameandika katika Al-Ahkam as-Sultaniyya kuwa muhtasibu huwazuia watu kujenga katika njia ipitwayo hata ikiwa ni pana, na huwaamuru wabomoe hata kama kilichojengwa ni msikiti, kwa sababu njia ni ya kupitia na si ya majengo. Maneno haya tuyasome kwa utulivu sisi wa kamati za misikiti, ambao mara nyingine husogeza ukuta wa uwani au ngazi ya mlango mpaka barabarani, kisha tukadhani kuwa jina la msikiti linatukinga.

BANDA LA FARASI NA UKUTA WA JIRANI

Limebaki suala la ubavuni: gari likiwekwa ndani ya kiwanja changu, lakini ukuta wake ukigusana na chumba cha jirani. Mafaqihi hawakulijua gari, lakini walilijua banda la farasi. Katika Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mtu anaweza kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au banda la wanyama, na duka lake katikati ya wauza nguo kuwa karakana ya mhunzi, ikiwa atachukua tahadhari na kuziimarisha kuta zake. Akivuka ada akasababisha hasara, atalipa. Wafuasi wa Imamu Malik wamekuwa wakali zaidi, wakazingatia moshi, harufu na kishindo cha wanyama usiku kinachomkosesha jirani usingizi.

Kwa insafu ni lazima tuseme: kwa asili ya madhehebu yetu, mtu hakulazimishwa kuacha hatua kadhaa kati ya ukuta wake na mpaka wa jirani. Alicholazimishwa ni tahadhari na kutodhuru, kwa kanuni iliyotokana na hadithi kuwa hakuna kujidhuru wala kudhuruana. Sasa basi, ikiwa leo banda la gari hubeba petroli, moshi na hatari ya moto, na bati lake humwaga maji ya mvua kwenye msingi wa jirani, kuacha nafasi ndiyo tahadhari yenyewe. Afisa wa mipango miji anapotaja umbali wa kuacha ubavuni, amekiwekea kipimo kile ambacho mafaqihi walikiacha kwa ada.

HARIMU YA ZIWA

Kwa wakazi wa mwambao kuna mpaka mwingine: ule wa maji. Fiqhi inaiita harimu, yaani eneo linalozunguka kitu na ambalo kitu hicho hakitumiki sawasawa bila yake. Kisima kina harimu, mto una harimu. Wanachuoni wa Shafi wamekataza kujenga katika harimu ya mto. Imamu Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria, sawa na 1505) aliandika risala maalumu kuwapinga waliotokeza majengo kwenye ukingo wa Nile huko Misri. Na wanachuoni wa baadaye wakaongeza kuwa maji yakirudi nyuma na kuacha ardhi kavu, ardhi hiyo haitoki katika haki za watu wote.

Historia ya Ujiji inaisherehesha hukumu hii. Stanley aliporudi mwaka 1876 alieleza kuwa miti mitatu aliyoiacha katika uwanja wa soko mwaka 1871 ilikuwa sasa imo majini, mbali na ufuko. Ziwa lilikuwa likipanda kwa sababu mlango wake wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umeziba. Mwaka 1878 kizuizi kikapasuka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10. Ufuko ukahama. Leo mahali pa ukumbusho wa Livingstone pako mamia ya hatua kutoka majini.

Ardhi ile iliyoachwa na maji ilikuwa ndiyo harimu ya ziwa. Watu wakaizoea, wakailima, kisha wakaijenga. Ziwa likapanda tena. Kuanzia mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yaliingia majumbani na sokoni mwambaoni, Kibirizi ikiwa mojawapo, na vivyo hivyo upande wa Burundi na Kongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Aliyeiona sheria hiyo kuwa ni uonevu na aitazame miti mitatu ya Stanley.

NA UADILIFU WA WENYE MAMLAKA?

Msomaji anaweza kuuliza: mbona sheria hizi zilipoletwa zilikuja na dhulma? Ni kweli. Wajerumani, kisha Waingereza, waliipanga Dar es Salaam kwa kanda za aina ya majengo, na kwa vitendo zikawa kanda za rangi za watu: uzunguni nafasi na miti, uswahilini msongamano. Chuki ya watu kwa mipaka ya ujenzi ina asili yake. Lakini haki ya mpita njia haiwi batili kwa kuwa dhalimu aliitaja.

Tena mizani hii ya fiqhi inamhukumu mtawala pia. Imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad, kwa sanadi ambayo wanachuoni wameizungumzia, kuwa Umar bin al-Khattab (R.A) aliamuru kung'olewa mlizamu wa nyumba ya al-Abbas (R.A) uliommwagia maji machafu njiani. Al-Abbas alipomjulisha kuwa Mtume (S.A.W) ndiye aliyeuweka, Umar alimtaka apande mgongoni mwake aurudishe. Haki iliyotangulia haibomolewi kwa amri tu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga kihalali nje ya mita 22.5, kisha barabara ikamfuata, huyo si mvamizi. Kumlipa fidia ni wajibu, na kumcheleweshea ni kumdhulumu.

Ama kwa aliye na hati au kibali, hoja ni nyepesi zaidi. Alipokea kiwanja kwa masharti. Allah (S.W) ameamrisha katika aya ya kwanza ya Suratul Maida kutimiza mikataba, na imepokewa katika hadithi kuwa Waislamu hushikamana na masharti yao. Hawezi kulikubali lililomnufaisha katika hati na kulikana lililombana.

TUFANYE NINI?

Kwa maimamu: tuanze na misikiti yetu. Kamati ipime ukuta, ngazi na vyoo, na kilichoingia njiani kirudishwe kabla ya kuamriwa. Khutba juu ya hadithi ya kuondosha udhia njiani haitasikika ikiwa udhia umeshikana na ukuta wa msikiti.

Kwa mwenye gari: tafuta bikoni zako kabla ya kuita fundi. Ikiwa kiwanja hakitoshi, kodi nafasi kwa mwenye uwanja, au mshirikiane majirani kadhaa. Gari ni neema, na neema haishukuriwi kwa kuwafungia wengine njia.

Kwa jirani aliyedhurika: anza kwa nasaha, kisha wazee wa mtaa, kisha mamlaka. Usilipize kwa kujenga nawe.

Na kwa mwenye kurithi baraza au kibanda kilichomo njiani: muda haukifanyi kuwa chako. Babu yako hahitaji ukitetee. Huenda anahitaji umwondolee.

Tunamuomba Allah (S.W) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozipanua njia za waja wake, na atukinge na shubiri moja isiyo yetu. Wallahu a'lam.